Gari Ikilia Tik-Tik, Lipia Kupimwa Kabla ya Kulipia Betri

Wacha niseme kitu ambacho wenye magari hawatapenda. Gari ikikataa kuwaka, inalia tu tik-tik, halafu fundi akimbilie kukuuzia betri, wa kulaumiwa kwanza si yeye. Ni sisi, kwa sababu tumekataa kumlipa mtu kwa kazi ya kupima.

Hebu fikiria. Fundi anakuja, anafungua vichwa vya betri, anavisugua, anavikaza, gari inawaka. Tunamwambiaje? "Si umekaza nati tu boss, shika hii mia ya chai." Lakini akileta betri mpya ya elfu tisa tunatoa pesa bila neno, juu tumeona kitu kinang'aa. Sasa mtu anayelipwa tu akibadilisha kitu, atafanya nini? Atabadilisha kitu. Hata wewe ungefanya hivyo, wacha kujifanya.

Na kukisia ni ghali. Chukua msee wa Probox anayetoka Kitale alfajiri kwenda Bungoma kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Gari ikimgomea stendi, abiria hawangoji, wanaingia ya nyuma. Safari ya kwanza imeenda hivyo, na jioni mwenye gari bado anataka hesabu yake kamili. Akinunua betri kumbe shida ni stata, kesho asubuhi ni mlio ule ule, na sasa mfuko ni mtupu.

Kuna milio miwili hapa na watu huichanganya. Tik-tik-tik-tik ya haraka, kama mvua kwa mabati, mara nyingi ni umeme mdogo. Solenoidi ya stata inavuta, betri inaishiwa nguvu, inaachilia, inavuta tena. Hiyo inaweza kuwa betri imeisha, lakini pia inaweza kuwa kichwa cha betri kimelegea au kimeota ule unga mweupe wa kijani-kijani. TAK moja nzito halafu kimya, hapo stata inashukiwa zaidi. Kwa Toyota nyingi ni vile vipande vya shaba ndani ya solenoidi vimelika, na vinabadilishwa vyenyewe bila kununua stata nzima. Lakini betri iliyokufa sana au waya mbovu pia unaweza kukupea TAK moja, ndiyo maana sikio pekee halitoshi.

Washa taa za mbele halafu jaribu kupiga stata. Zikififia karibu kuzima, angalia betri na vichwa vyake. Zikibaki kali na unasikia TAK tu, umeme upo lakini haupiti kwenye stata. Haukutoi hata shilingi.

Halafu leta mita. Ile ya bei rahisi ni shilingi mia kadhaa tu. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.0 iko karibu tupu, na tupu si mbovu, ichaji kwanza ndio uihukumu. Ukipiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi. Gari ikiwaka, inafaa kusoma kati ya 13.7 na 14.5. Ikikwama kwa 12 na inazidi kushuka, altaneta haichaji, na hiyo betri mpya uliyouziwa umenunua siku mbili tatu za furaha. Kitu kingine ambacho wengi hawafanyi: mwenzako akipiga stata, pima juu ya risasi yenyewe ya betri, kisha pima kwenye kichwa cha waya kinachoishika. Namba zikitofautiana sana, mchawi ni hapo katikati. Maji moto na magadi, hiyo hiyo ya kupikia mrenda, inatoa huo uchafu. Anza kufungua hasi, na uirudishe mwisho, ndio spana isirushe cheche ikigusa bodi.

Baridi nayo ni story yake. Kitale iko juu zaidi ya Bungoma, na asubuhi za Julai huko hazina huruma. Betri inatoa nguvu kidogo, oili inakuwa nzito. Betri chovu inayovumilia Bungoma inaweza kukuaibisha Kitale, na utaambiwa gari imerogwa.

Najua kuna mzee wa gereji atasema yeye anajua kwa kusikia tu, ana miaka ishirini kwa hii kazi. Namheshimu, na mara nyingi atakuwa sawa. Lakini kama yuko sawa, mita itamuunga mkono kwa dakika moja. Na ile ya kugonga stata na spana hadi iwake, hiyo ni kuibembeleza. Gari ya gia za mkono unaweza kusukuma, otomatiki utasukuma hadi Webuye na haitawaka.

Kuna jambo lingine hatulitaji. Betri kuukuu haipotei hewani, ina risasi na asidi, na mtu mahali fulani anaiyeyusha. Owino Uhuru kule Mombasa wanajua. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 baada ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuwajaza sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Betri nzima tunayoitupa kwa kukisia inaingia kwenye mkondo huo huo.

Kwa hivyo kabla fundi hajagusa spana, muulize: kupima pekee ni ngapi? Mkubaliane, mlipe hata kama hajabadilisha kitu, na akuonyeshe namba kwa mita. Mimi naona mia tatu hadi mia tano ni haki. Wasee wa Bungoma, huko kwenu wanachukua ngapi?