Uliza Kwanza, Usisuse Sahani



Ikifika Juni mpaka Septemba kazi za cherehani yangu hubadilika. Mwanzo wa mwaka maharusi huja na majora ya nguo ya nikaha na ya kutokea. Miezi hii ya ukavu wanakuja na ombi jengine: "Dada, nishonee nguo ya kutembelea, tunakwenda bara fungate." Zamani fungate ni siku saba ndani, unaletewa supu na uji kitandani. Sasa watu wanapanda boti, wengine Lushoto, wengine Mbeya, na mwaka huu nimeshawashonea wawili wanaokwenda mpaka Kyela, kwenye Ziwa Nyasa. Sina neno. Nawapima, nawapindia, na nikimaliza nauliza: "Na huko mtakula nini?" Jawabu lao ni moja: "Tutabeba."

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze, maana na mimi nilibeba, na mpaka leo ninaona haya.

Mdogo wangu ameolewa na mfanyabiashara wa mchele, wanakaa njia ya kwenda Itungi, bandari ya zamani ya Kyela. Alipojifungua mtoto wa kwanza nikaenda kumwona. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 900 kwa basi, na nilikuwa na boksi kubwa kuliko begi la nguo: mikate ya kumimina, sambusa, katlesi, pweza mkavu, mpaka chupa ya maji ya kunywa. Mama alikuwa ameniambia, "Huko usile ovyo, nguruwe wanamchoma njiani." Hakusema uongo. Kitimoto Mbeya na Kyela ipo, na haifichwi.

Njia yenyewe nzuri, masha'Allah. Tukuyu ni baridi na ukungu, migomba na chai kila upande, unajifunika mtandio miwili. Halafu basi linateremka, linateremka, na ukifika Kyela joto linakupokea kama umeshuka Malindi pale Unguja. Michikichi, mikakao, mashamba ya mpunga. Asubuhi yake nikapelekwa Itungi. Nikaona maji hayana mwisho, na upande mmoja milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Nikachota kwa kiganja nikaonja, nikingoja chumvi. Maji matamu! Watoto wakanicheka.

Jirani wa mdogo wangu ni mama wa Kinyakyusa, Mkristo. Yeye ndiye aliyemkimbiza hospitali usiku ule uchungu ulipomshika, shemeji akiwa safarini Songea. Aliposikia dada mtu amefika kutoka Zanzibar akatualika chakula cha mchana. Nikakaribishwa kwenye mkeka uani, kikaja wali wa Kyela unanukia kabla ya mfuniko kufunuliwa, na samaki mbasa wa mchuzi, na ndizi. Nami nikasema, "Ahsante mama, nimeshiba." Nikanywa chai yangu ya chupa. Alinitazama, hakusema kitu, akaendelea kumpakulia mdogo wangu.

Usiku mdogo wangu akaniambia huku analia. Yule mama alikuwa ametoka asubuhi kwenda sokoni akanunua sufuria mpya na mwiko mpya, kwa sababu alijua mgeni ni Muislamu na hakutaka apikiwe kwenye chombo chenye shaka. Alimwambia mdogo wangu kabla, asije akasahau kuniambia. Alisahau, alikuwa na mtoto wa siku kumi. Wali ule uliliwa na watoto.

Mimi si mwalimu wa dini. Nimesoma mpaka sekondari, nikaenda kozi ya ushoni, basi. Lakini niliporudi nilikwenda kumuuliza ustadhi wetu, na aliyonifundisha ni haya ninayoyajua. Kiwindwa cha majini tumehalalishiwa katika Suratul Maida, na samaki hahitaji kuchinjwa, aliyemvua awe nani. Na vyombo, lipo swali la sahaba Abu Tha'laba kwa Mtume s.a.w. alipokuwa akiishi na Watu wa Kitabu: kama una vyengine tumia vyako, kama huna, vioshe na ule humo. Kwa hiyo yule mama wa Itungi, bila ya kusoma hadithi hiyo, alifanya zaidi ya tulichohitaji. Na mimi niliyesoma nikasusa.

Najua wapo watakaosema bora tahadhari. Nakubaliana nao kabisa, na sitaki mtu aniandikie kwamba nimewaruhusu watu kula haramu. Nyama ina masharti yake. Tanzania kwa miaka mingi imezoeleka kwamba kwenye machinjio ya umma anachinja Muislamu, lakini usidhani jambo hilo ni dogo au limekwisha. Mwaka 2013 kule Geita ugomvi wa nani achinje ulifika hadi kumwaga damu. Kwa hiyo mkahawani usijifanye unajua. Uliza. Ninachokataa ni ile tahadhari ya kununa: unakaa mezani, unakunja pua, unafungua boksi lako mbele ya mwenye mgahawa, huulizi, huagizi, na bili yako ni soda moja. Hiyo si dini, ni kiburi cha kisiwani, na tunacho.

Kuuliza hakumtukani mtu. Mama lishe wa Kyela amezoea kuulizwa. Mimi sasa naingia, nasalimia, "Ugonile mama," akishacheka kwa lafudhi yangu, ninauliza mambo mawili tu. La kwanza, nyama hii kachinja nani. Akisita, sili nyama, nakula samaki, na sihitaji kueleza zaidi. La pili ndilo tunalosahau: mafuta. Samaki halali akikaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga kitimoto amekwisha haribika, na chipsi vivyo hivyo, na jiko la kuchomea vilevile. Penye wasiwasi huo ninaagiza cha mchuzi au cha kuchemsha, kwenye sufuria ninayoiona. Wengi watakwambia kweli, hata wakikosa kuuza. Mmoja pale stendi aliniambia, "Dada, kwangu usile, nenda kwa yule pale." Allah ambariki.

Na vya kula vipo, jamani. Usipa, wale dagaa wa Nyasa, wakavu kwa ndizi za kupika. Mbasa kwa wali mpya. Ana miba, kula polepole. Wapishi wengine hutia mawese, mafuta ya mchikichi, mchuzi unakuwa rangi ya chungwa. Mara ya kwanza nilidhani ni bizari imezidi. Na ukipita msimu wa kakao omba upasuliwe tunda moja, ufyonze ule utando mweupe wa mbegu. Ni tamu na chachu kama stafeli. Sisi tunaijua kakao ya kopo tu!

Ukitaka matembezi ya siku moja, nenda Matema kwa kupitia Ipinda, uondoke alfajiri baada ya sala. Pwani ya mchanga, milima nyuma yako, na kando yake soko la vyungu la Lyulilo, vinakofika vyungu wanavyofinyanga akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe. Nilinunua kimoja cha kupikia samaki na nikakipakata mapajani mpaka Unguja. Meli ya kwenda Mbamba Bay ni safari nyengine, si ya siku moja. MV Mbeya II inachukua abiria 200, lakini uliza kwanza siku zake, na uliza inaondokea Itungi au Kiwira, maana mchanga unajaa na meli zinahama. Kuoga pia uliza wenyeji wapi; kwenye midomo ya mito mamba wapo.

Kwa nguo nisikilizeni, hapo ndipo kwenye kazi yangu. Baibui lenye mkia liacheni nyumbani, litafagia mchanga wote wa Matema. Shona dera lililokatwa juu kidogo ya kifundo cha mguu na suruali ndani yake, mikono iwe na mpira ili ukichukua udhu ziwani ipande bila kuvua mtandio mbele ya watu. Mifuko miwili ya zipu. Kitambaa kiwe chepesi lakini kisichonata mwilini kikilowa. Kilowesheni dukani muone, muuzaji akikataa nendeni duka la pili. Na kanga pea moja: moja ya kusalia, moja ya kujifutia. Kuhusu kupunguza sala, siku mtakazokaa zina hesabu yake katika madhehebu yetu ya Shafii, kwa hiyo muulizeni ustadhi kabla ya kupanda boti, si konda wa basi.

Maharusi hasa ndio ninaowasema, kwa sababu wengi siku hizi mnaolewa na wanaume wenye kazi bara. Somo atakufunza mengi ya chumbani na ya jikoni, sijasikia anayefunza namna ya kukaribishwa na jirani asiyekuwa wa dini yako. Na siku uchungu utakapokushika usiku, mama yako yuko Unguja. Atakayegonga mlango ni yule uliyemwambia umeshiba.

Nilirudi Itungi mwaka uliofuata. Nilimpelekea yule mama karafuu, iliki, na gauni la kitenge nililolishona kwa vipimo alivyonitumia mdogo wangu kwa simu. Nikamwomba msamaha uani palepale. Hakutaka kulizungumza sana, akasema, "Ndaga, ulikuwa umechoka na safari," akanituma kisimani. Tukapika pamoja, mimi nikikuna nazi, ambayo nilibeba mwenyewe, hilo siwezi kuliacha. Sufuria ilikuwa ileile. Gauni lilimbana kidogo kwapani, nikalifumua jioni ile kwa wembe na kulirekebisha kwa cherehani ya fundi wa jirani.

Mmoja wa wale maharusi wawili anasafiri Jumapili inshaAllah. Jana alikuja kuchukua madera yake, nikamsimulia yote haya. Boksi amelipunguza, amebakisha kaimati na tende za njiani. Na ameniomba nimwandikie kwenye karatasi lile neno la kusalimia.