Askari Amerudi Salama, Je, Usingizi Wake Umerudi?



Wiki hii safu yetu inabisha hodi katika nyumba ambazo kwa desturi hazisemi yaliyomo ndani yake: nyumba za askari. Hapa Dodoma, jeshi si jambo la kusimuliwa. Vijana wetu hupita kambi ya JKT Makutupora, na tangu jiwe la msingi la makao makuu ya jeshi liwekwe Kikombo, Novemba 2019, gwanda limezidi kuwa vazi la jirani, la mkwe na la mpangaji mwenzetu.

Askari huyo huenda akatumwa kulinda amani nchi za mbali. Watanzania wamekwenda Darfur, Lebanoni, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo. Anaporudi na viungo vyake vyote, ndugu hukusanyika, dua husomwa, sinia za pilau hupita, na watu huondoka wakimshukuru Mwenyezi Mungu. Ila baada ya miezi mitatu mke anajua jambo ambalo wageni hawalijui. Mume halali. Upepo wa Dodoma ukibamiza bati, anaruka kitandani. Tairi la bodaboda likipasuka barabarani, anatokwa jasho. Mtoto akimkaribia kwa ghafla, anamsukuma, kisha anajifungia chumbani kwa aibu.

Basi mke hubaki na swali moja: hii ni tabia mbaya, ni jini, au ni maradhi? Tusilidharau swali hili, kwani jibu lake ndilo huamua kama nyumba itasimama au itavunjika.

Tuanze na mwili, kwa sababu utafiti wa tiba jeshini ulianzia huko. Uwanda huu wetu wa kati ni shahidi. Mwezi Aprili 1916, majeshi ya Jenerali van Deventer kutoka Afrika Kusini yaliingia Kondoa Irangi. Mvua za masika zikakata njia nyuma yao, chakula na dawa vikachelewa, na malaria pamoja na kuhara damu vikawaangusha askari kwa wingi kuliko risasi za Wajerumani. Dodoma ilipotwaliwa mwishoni mwa Julai mwaka huo, kikosi kilichoingia kilikuwa kimekwisha kupungua kwa maradhi. Wapagazi walioteseka zaidi walikuwa Waafrika wenzetu, waliobeba mizigo ya pande zote mbili wakiwa na chakula haba na blanketi moja au bila blanketi kabisa.

Vita vile havikuishia kambini. Majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo, kisha ukame ukaja juu yake. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ilidumu kati ya 1917 na 1920, na wanahistoria hukadiria kuwa iliua watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 waliokuwako. Tangu hapo wazee wetu walijua kwamba afya ya askari na afya ya kijiji haziachani.

Hata katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979 mambo hayakuwa tofauti sana. Hesabu inayonukuliwa mara nyingi ni ya wanajeshi wa Tanzania 373 waliopoteza maisha, ambao kati yao 96 tu waliuawa na adui. Wengi wa waliosalia walichukuliwa na ajali na mikasa mingine. Ndiyo maana majeshi ya dunia yaligharimia utafiti wa maji safi, vyoo, chanjo, vyandarua na dawa za malaria. Askari anayeharisha hapigani.

Utafiti wa akili ulichelewa, na ulianza kwa kukosea njia. Huko Marekani, daktari Jacob Da Costa alichunguza mamia ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe waliolalamika mapigo ya moyo kwenda mbio na pumzi kukatika, na mwaka 1871 akaandika kuwa wana maradhi ya moyo. Mwaka 1915, Mwingereza Charles Myers aliandika habari za askari watatu waliopoteza usingizi, kumbukumbu na sehemu ya uwezo wa kuona baada ya mizinga kulipuka karibu nao. Wakati huo ilidhaniwa kwamba mshindo wa mzinga ndio ulioutikisa ubongo. Baadaye ikaonekana kuwa hata askari ambao mzinga haukuwakaribia walikuwa na dalili zilezile. Wakati madaktari wakibishana, wapo waliohukumiwa kuwa ni waoga, na wapo waliopigwa risasi na majeshi yao wenyewe.

Ilikuwa mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, ndipo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipoingiza rasmi maradhi ya kiwewe katika orodha yake. Tangu hapo dalili zimepangwa katika mafungu yanayoeleweka. La kwanza, tukio humrudia mtu katika ndoto au mchana kweupe kana kwamba linatendeka sasa. La pili, hukwepa mahali, watu na mazungumzo yanayomkumbusha. La tatu, moyo na fikra hugeuka: hujilaumu, hukosa furaha, hujiona yuko mbali hata na wanawe. La nne, mwili hukaa macho muda wote, hushtuka upesi, hukasirika upesi, usingizi hukimbia. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja na ikaharibu kazi au nyumba, huyo ni mgonjwa anayestahili tiba.

Je, kila askari hurudi hivyo? Hapana, na ni dhuluma kuwadhania hivyo. Watafiti wa King's College, London, walichunguza wanajeshi wa Uingereza karibu 10,000 katika kipindi cha vita vya Iraq na Afghanistan. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010, waliokuwa na dalili za maradhi ya kiwewe walikuwa takriban 4 katika kila 100. Waliokuwa na sonona, wasiwasi na mfano wa hayo walikuwa karibu 20 katika kila 100, na waliokunywa pombe kwa kiasi cha kuwadhuru walikuwa 13 katika kila 100. Kiwewe ndicho kinachotajwa sana magazetini, lakini huzuni ya kimya na chupa ndivyo vilivyowapata wengi zaidi. Kwetu sisi, mtu ambaye hakuwahi kuigusa pombe na akaanza kuinywa kwa siri baada ya safari, kabla ya kumwita fasiki, na tujiulize anajaribu kunyamazisha nini.

Utafiti mwingine, wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2004 na daktari wa jeshi Charles Hoge na wenzake, uligusa kidonda chenyewe. Miongoni mwa askari waliorudi vitani na kuonyesha dalili za maradhi ya akili, waliotafuta msaada hawakufika hata nusu. Walikuwa kati ya 23 na 40 katika kila 100. Tena wale waliohitaji msaada zaidi ndio walioogopa zaidi kuonekana dhaifu mbele ya wenzao na makamanda wao.

Hofu hiyo sisi wa Dodoma tunaifahamu kwa jina. Hospitali ya Mirembe ilianzishwa hapa katika miaka ya 1920, na leo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Nchi nzima imeligeuza jina lake kuwa tusi. Mtu akikosea neno, wenzake humwambia arudi Mirembe. Wengine huichanganya na Taasisi ya Isanga, inayopokea watu waliotenda makosa ya jinai wakiwa wagonjwa, wakadhani kila aingiaye Mirembe ni mtu wa hatari. Ajabu ni kwamba kwa Waganda, jirani zetu, neno mirembe maana yake ni amani. Askari aliyetumwa kulinda amani ya wengine anaona haya kupita lango lenye jina hilo, na aliyemtia haya ni mimi na wewe kwa mizaha yetu ya barazani.

Tusidhani kuwa haya ni ya Wazungu peke yao. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani huko Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa usiku. Watanzania wasiopungua 14 waliuawa na makumi wakajeruhiwa. Taifa lilizika na kulia. Lakini wapo waliokuwako usiku ule na wakatoka wazima. Hao nao wana wake, wazazi na watoto, na waliyoyaona hawakuyaacha Kongo.

Habari njema ni kuwa tiba ipo, na imejaribiwa karibu na sisi. Kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwahudumia vijana 85 waliowahi kutekwa na kufanywa askari wangali watoto. Wahudumu hawakuwa madaktari bingwa. Walikuwa wenyeji wa kule, waliofundishwa kazi hiyo na kuifanya kwa lugha ya nyumbani. Kwa vikao vinane, kijana alisaidiwa kusimulia maisha yake kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, hadi lile tukio lililomvunja likapata mahali pake katika jana na likaacha kuvamia leo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa waliopata tiba hiyo walipungukiwa na dalili kuliko wenzao waliopewa mafunzo ya shule na ushauri wa kawaida. Basi tiba ya maneno inawezekana katika nchi isiyo na madaktari wengi, na Kiswahili chetu hakishindwi kubeba simulizi.

Hata hivyo takwimu za London na Marekani haziwezi kumpima askari wa Kikombo. Yeye ana ndugu kumi wanaomtegemea, ana malezi mengine na maombi mengine. Anastahili kuulizwa yeye. Kwamba watu wa sare wanaweza kushiriki utafiti nchini mwetu, tumekwisha kuona: jaribio la awali la chanjo ya UKIMWI lililoanza Dar es Salaam mwaka 2007 lilikuwa na washiriki 60, na lilitegemea askari polisi waliojitolea. Dodoma ina Mirembe, ina Chuo Kikuu na ina Hospitali ya Benjamin Mkapa. Vyombo vipo.

Lakini utafiti kwa askari una hatari yake, kwa sababu askari amezoea kutii. Mwaka 1953, kijana wa miaka 20 wa jeshi la anga la Uingereza, Ronald Maddison, alifariki huko Porton Down baada ya kudondoshewa sumu ya sarini mkononi katika jaribio. Ilipita nusu karne hadi mwaka 2004, ndipo baraza la uchunguzi likaamua kuwa aliuawa kinyume cha sheria. Kwa hiyo sharti la kwanza liwe hiari ya kweli: kamanda asiwepo chumbani wakati askari anaulizwa kama anakubali. La pili, majibu yake yasiingie katika faili la kupandishwa cheo. La tatu, kibali cha maadili kitolewe na wenye mamlaka, kama Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoanzishwa mwaka 1979. Na la nne, ambalo husahauliwa, mke naye aulizwe. Yeye ndiye anayehesabu saa za usiku.

Tumalizie na nyumba. Kwa mke: usimlazimishe mumeo kusimulia, wala usimwamshe kwa kumshika ghafla, mwite jina lake ukiwa mbali kidogo. Andika tarehe na dalili unazoziona, kisha nenda naye kituo cha afya kilicho karibu, mwombe mganga rufaa ikihitajika. Maradhi hayahalalishi kipigo. Ukitishwa, ondoka wewe na watoto, ueleze wazee. Akitamka kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo, silaha iondolewe, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa wazazi na ndugu: kisomo ni kheri, msikiache. Lakini kisomo hakijamkataza mtu tiba, na Mtume wetu (S.A.W.) ameamrisha tutafute dawa. Wanaotoza fedha nyingi kutoa majini kwa askari asiyelala huchelewesha tiba, na kila mwezi unaopita unaongeza ugumu.

Na kwa masheikh wanaosuluhisha ndoa: linapofika mbele yenu shauri la mume aliyegeuka mkali, ongezeni swali moja kabla ya kuandika talaka. Ulizeni, alianza lini? Ikiwa ukali ulikuwapo tangu mwanzo, hilo ni shauri la tabia. Ikiwa ulianza aliporudi safari, watumeni kwanza kwa daktari, kisha warudi kwenu. Swali hilo halina gharama, na kwa baadhi ya nyumba za mji huu, insha Allah, litakuwa ndilo lililozuia mlango kufungwa.