Ruhusa ya Kazi Humlinda Mama

Watu wengi hapa Bukavu hufikiri ya kuwa kijana akivaa nguo nyeupe ya masomo ya uuguzi, tayari amekuwa mganga. Jirani humwita usiku aje kumchoma sindano. Wazazi waliouza ng'ombe ili walipe shule hutaka alete fedha upesi. Mwanafunzi mwenyewe huona aibu kukataa. Kwa maoni yangu desturi hii ni mbaya, nayo imetupasa sote kuiacha, si mwanafunzi peke yake.

Kwanza tuijue njia yenyewe. Katika Kongo, anayetaka kuwa muuguzi wa A2 husoma ITM miaka minne, akaenda staje, kisha akafanya mtihani wa mwisho. Anayetaka masomo ya juu zaidi, ya uuguzi au ya ukunga, huenda ISTM, kama ile iliyopo Bukavu, au chuo kikuu. Lakini diploma si mwisho wa njia. Sheria nambari 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016 iliunda Ordre des Infirmiers. Muuguzi hana budi kuandikwa jina katika orodha ya Ordre hiyo kabla ya kuanza kazi. Jambo hili si la Kongo tu. Kenya, Uganda na Tanzania zina mabaraza yanayotoa ruhusa kwa wauguzi na wakunga, na ruhusa hiyo hutakiwa kufanywa upya. Uingereza ilitunga sheria ya wakunga mwaka 1902.

Wengine husema: "Bibi zetu walizalisha bila karatasi." Ni kweli, nasi twawaheshimu. Lakini tuwakumbuke pia akina mama walioingia nyumbani kuzaa wasitoke wazima.

Tazama mfano mmoja. Iko dawa iitwayo oksitosini. Mtoto akiisha kuzaliwa, mkunga humchoma mama yuniti 10 katika msuli, tumbo la uzazi likajikaza, damu ikapungua. Dawa hii imeokoa akina mama wengi sana. Lakini mtu asiyejua akiichoma kabla mtoto hajatoka, ili kuharakisha uchungu, tumbo la uzazi laweza kupasuka, na mama na mtoto wakafa pamoja. Chupa ni ile ile, sindano ni ile ile. Tofauti ni kujua saa yake na kipimo chake. Basi mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeona dawa hiyo ikichomwa mara tatu asidhani ya kuwa ameijua.

Dokta Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955, ameeleza katika kitabu chake ya kuwa karibu afe akiwa mtoto wa siku chache, kwa sababu kitovu chake hakikukatwa vema, kikaingia ugonjwa. Alipata dawa, akapona. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kitovu ni kitu kidogo, lakini mkono usiofundishwa waweza kuleta kifo hata hapo. Tena wako akina mama waliopata fistula, maana uchungu ulikawia siku mbili au tatu na hapakuwa na mtu wa kutambua ya kuwa mtoto amekwama.

Mama aliye juu ya kitanda cha kuzalia hawezi kumtahini yule aliye mbele yake. Wengine wamekwisha kumtahini kwa ajili yake. Hiyo ndiyo maana ya ruhusa.

Basi, mwanafunzi, shika mambo haya. Kwanza, katika staje usikubali kuandikiwa kazi ambayo hukuifanya. Mwombe mkubwa wako akutazame unapofanya, akusahihishe. Pili, angalia jina lako liandikwe namna moja katika karatasi zote, tangu shule ya msingi hata diploma, maana herufi moja yaweza kukuchelewesha. Weka nakala mahali pengine, kwa kuwa vita na moto wa nyumba vimewapotezea wengi karatasi zao. Tatu, ukiisha kupata diploma, nenda mwenyewe kuandikishwa, wala usimpe fedha mtu wa njiani anayesema atakusaidia.

Jirani akikuita, usimfungie mlango. Mwambie: "Mama, sina ruhusa ya kuchoma sindano, lakini nitakusindikiza mpaka kituo cha afya." Waweza kunawa mikono, kukandamiza kitambaa safi juu ya jeraha linalotoka damu, au kumfunika mtoto mchanga kifuani mwa mama yake apate joto. Na mama akizaa njiani, msaidie jinsi ujuavyo huku ukimtuma mtu kumwita mkunga. Huo ni msaada wa lazima, si biashara.

Najua ya kuwa gharama ya kuandikishwa ni nzito kwa maskini. Lakini jamaa na wakristo waliotoa mchango wa shule wasiishie kwenye diploma. Waweke na fedha ya kuandikishwa tangu mwanzo, wala wasimsukume kijana kufungua chumba cha dawa mtaani ili alipe deni.

Nanyi wagonjwa, msione haya kuuliza: "Mwanangu, umesoma wapi? Jina lako limeandikwa?" Muuguzi wa kweli hatakasirika. Akikasirika, shika njia ya hospitali, usingoje usiku uingie.