Zamu ya Kuitwa Si Mapumziko



Hivi mtu aliyeambiwa asitoke bwenini, asizime simu, na akiitwa afike chumba cha upasuaji ndani ya nusu saa, yuko kazini au mapumzikoni? Mwajiri wangu wa zamani hapa Riyadh, hospitali binafsi mtaa wa Al-Sulimaniyah, alisema tuko mapumzikoni. Wauguzi tulipangiwa zamu hiyo mara nane kwa mwezi, kwa lazima, na usipoitwa hulipwi hata riyali moja.

Siku moja niliitwa saa sita usiku, mama anajifungua kwa upasuaji. Nikarudi bwenini saa kumi na moja alfajiri. Saa moja asubuhi nikaingia zamu yangu ya kawaida, kama vile nimelala. Mchana nikavuta dawa kwenye sindano, mara kumi ya kipimo. Dada mmoja Mfilipino akanishika mkono. Mgonjwa hajui mpaka leo.

Wapo watakaosema, "Mlifuata riyali, vumilieni." Jamani! Sheria ya kazi ya Saudia ya 2005 inaweka saa 48 kwa wiki, na saa ya ziada inalipwa na nyongeza ya asilimia 50 ya mshahara wa msingi. Tatizo, kwa mwajiri yule kusubiri hakukuwa saa. Ulaya madaktari walikwenda mahakamani, ikaamuliwa mwaka 2000 na tena 2003 kwamba ukilazimishwa kusubiri hospitalini, hata ukilala, uko kazini. Mwaka 2018 zimamoto wa Ubelgiji aliyetakiwa asubiri nyumbani na kufika ndani ya dakika 8 naye akashinda. Zetu zilikuwa 30, lakini mlinzi wa geti la bweni alikuwa na orodha ya majina yetu. Na huku hakuna chama cha wafanyakazi wala ruhusa ya kugoma.

Tusiwasingizie Waarabu peke yao, lakini. Katika mgomo wa madaktari Tanzania mwaka 2012, posho ya kuitwa kazini ilikuwa mojawapo ya madai.

Sipingi zamu yenyewe. Uchungu wa uzazi hausubiri kukuche. Nataka ilipwe, na aliyefanya kazi usiku asirudishwe wodini asubuhi. Wadogo zangu mnaosaini mikataba sasa, ulizeni ni zamu ngapi kwa mwezi, na mtafute wa kuwasomea nakala ya Kiarabu, maana zikitofautiana hiyo ndiyo inayoshinda. Mimi yangu sikuisoma. Niliondoka miaka miwili ilipoisha. Yule dada Mfilipino bado yuko pale, bado anaitwa.