Dogo hana vidole vizito, kinanda ndicho hakijapangwa

Wadau, Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye studio moja kule Mbagala. Chumba kimoja, feni moja, magodoro ukutani. Nilifuata stori nyingine kabisa, nikaondoka na hasira.

Kuna dogo anapiga kinanda kanisani, alikuja na daladala kutoka Tandika kurekodi sehemu ya kinanda kwenye wimbo wa mtu. Makubaliano shilingi 30,000. Kapiga mara tatu, prodyuza akamkatisha: "Dogo, una vidole vizito, kila noti unaigonga." Akapewa nauli, akaondoka kimya.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake naangalia mikono. Dogo alikuwa anapapasa! Nikanyamaza, eti si studio yangu. Alipokwishatoka ndipo nikaomba tufungue noti alizorekodi: ndogo kabisa 112, kubwa 127. Nikagusa mwenyewe kwa kidole kimoja, polepole. 109. Sasa hapo nani atapiga taratibu?

Tuelewane kidogo. Kinanda cha MIDI kinatuma namba, sauti inatoka kwenye kompyuta. Chini ya kila kitufe kwa kawaida kuna swichi mbili, na kinanda kinapima muda unaopita kati ya kuguswa ya kwanza na ya pili. Muda mfupi, namba kubwa, mwisho 127. Halafu kuna mpangilio unaoamua mkono upi upewe namba ipi: mlaini, wa kawaida, mgumu, au ule unaotoa noti zote sawa. Pale ulikuwa kwenye ulaini wa mwisho, maana prodyuza anatengenezea ngoma za biti zake na anataka kila pigo liingie kwa nguvu. Kwa ngoma sawa. Kwa wimbo wa taratibu, hapana.

Najua mtaniambia uswahilini hayo hatuyajali. Jagwa Music wa Mwananyamala walipiga mchiriku kwa vinanda vidogo vya Casio vilivyochoka, na albamu yao Bongo Hotheads ikatolewa Ubelgiji na Crammed Discs mwaka 2012. Vinanda vidogo vya aina ile vingi havipimi mkono kabisa, noti zote zinatoka sawa, na utamu uko humohumo. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kununua kinanda kinachopima, kukiziba, halafu kumlaumu mpigaji.

Na dawa yake ni dakika tano tu. Mwambie mpigaji apige kipande kilekile mara tatu: taratibu, kawaida, kwa nguvu. Soma namba. Akipapasa anapata mia na ushee, peleka mpangilio kwenye ugumu. Akigonga mpaka meza inatikisika na bado anaishia 80, lainisha. Kinanda chenyewe kikiwa hakina sehemu hiyo, angalia kwenye programu. Ableton Live, kwa mfano, ina kifaa kinaitwa Velocity cha kazi hiyohiyo. Akija mpigaji mwingine, rudia. Mikono haifanani.

Tulibadilisha palepale. Prodyuza akapiga, akacheka: "Kumbe!" Nikamwambia ampigie simu dogo arudi. Akasema atampigia.

Leo Alhamisi nimemuuliza. Bado hajampigia.