Besi Yetu Isibaki Stoo

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Naomba nafasi hii niseme jambo ambalo limekuwa likizungumzwa chini chini tangu kikundi chetu cha taarab kirudi kutoka Kajiado. Kuna pendekezo kwamba mwaka ujao tusiibebe tena dabo besi yetu, yaani ile fidla kubwa inayosimama wima kumpita mchezaji, eti kwa sababu haisikiki. Badala yake kila mwanachama atoe shilingi 200 tukodi kinanda cha umeme, na noti za chini zipigwe hapo kwa mkono wa kushoto. Mimi napinga, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na ukweli. Kule Kajiado besi haikusikika. Waliokaa mbele walimwona dada yetu wa Kidato cha Pili akivuta nyuzi mpaka jasho linamtiririka, lakini ilikuwa kama kutazama televisheni iliyozimwa sauti. Jukwaa lilikuwa nje uwanjani, upepo wa huko si mnaujua, na waimbaji wote walishika maikrofoni. Waliokodiwa kuleta vyombo waliweka maikrofoni moja mbele ya besi, spika zikaanza kuvuma kama ng'ombe aliyepotewa na ndama, wakaizima. Basi hukumu ikatolewa papo hapo kwamba besi ni mbovu.

Lakini besi ina kosa gani? Uzi wake wa chini kabisa hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Gawanyeni wenyewe jinsi tulivyofundishwa katika Fizikia, mtapata wimbi lenye urefu wa mita 8 na ushei, karibu sawa na darasa letu. Isitoshe, sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini, hivyo zinahitaji nguvu zaidi ili zisikike sawa na za juu. Ndani ya ukumbi kuta huzirudisha kwetu. Uwanjani hakuna ukuta, sauti inajiendea zake mpaka Namanga.

Shida hii si ya Kitengela peke yake. Huko Marekani katika miaka ya 1940, mpiga besi mmoja aitwaye Everett Hull alichoka kumezwa na tarumbeta, akatia maikrofoni ndani ya besi akiipitishia kwenye kile kigingi cha chini inachosimamia. Kampuni yake ikaitwa Ampeg, jina lililotokana na kigingi hicho cha kukuza sauti. Mwaka 1951 Leo Fender akaleta gitaa la besi la umeme, na bendi nyingi zikaiacha ile ya mbao. Baadhi ya wenye taarab hawakuiacha. Culture Musical Club ya Unguja, iliyoanza mwaka 1958, imeiweka besi kubwa pamoja na fidla, kanuni na akordioni. Na ndugu zao wa kidumbak hawana hata hiyo. Wao hutumia sanduku, yaani kasha la mbao lenye fimbo na uzi mmoja, na harusi inaweza kuchezwa bila stima yoyote, kwa kuwa wachezaji wamezungukwa na watu. Kwa hiyo tukicheza hapa ukumbini kwetu, tafadhali tusiguse waya wowote. Dawa ninayoitaja ni ya uwanjani.

Dawa ya kwanza ni ya bure. Maikrofoni ya shule tunayo. Ifungwe kwa kipande cha sponji ya godoro, kisha ichomekwe kwa kubana chini ya daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi. Hapo inakuwa karibu na besi na mbali na ngoma. Wapiga besi wengi wasio na pesa wamefanya hivyo miaka mingi.

Dawa ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Ndani ya saa za kengele na simu za mezani mna kisahani cha shaba ya manjano, chembamba kama sarafu, kina doa jeupe katikati. Ukikipa umeme kinalia. Ukikitikisa, chenyewe kinatoa umeme. Ajabu hiyo iligunduliwa katika mawe fulani huko Ufaransa mwaka 1880 na Pierre Curie na kaka yake Jacques. Kisahani kama hicho kwenye maduka ya Luthuli Avenue bei yake haifikii nauli ya kwenda Nairobi na kurudi. Ukikibana chini ya mguu wa daraja, kinasikia mti wenyewe ukitetemeka, wala hakijali upepo wala waimbaji.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa hivyo nisikilizeni. Ukikichomeka kisahani moja kwa moja kwenye mashine ya kuchanganyia sauti, utapata sauti nyembamba ya kukwaruza, kama bati. Umeme wake ni kidogo sana na mashine inaunyonya wote. Ni kama kupeleka ng'ombe mia kwenye kidimbwi wakati wa kiangazi. Na sauti za chini ndizo hukauka kwanza, yaani zile zile tulizokuwa tunazitafuta! Mashine yenye ukinzani wa omu 10,000 inaweza kula karibu kila kitu kilicho chini ya mitetemo 800 kwa sekunde. Kinachotakiwa katikati ni transista moja ya aina ya FET, rezista ya omu milioni 1, vikorokoro vingine vichache na betri ya volti 9. Fundi yeyote wa redio hapa mjini anaiunga kwa saa moja, na betri hiyo inakaa miezi.

Imebaki spika. Tusiende kununua mpya. Mji huu umejaa wufa zilizotolewa kwenye matatu. (Simaanishi tuige matatu. Besi ya matatu inatikisa vioo na vifua, lakini hakuna abiria anayeweza kukuambia ni noti gani inapigwa. Sisi tunataka noti.) Wufa hiyo itiwe ndani ya kasha la plaiwudi, kwa maana bila kasha wimbi la nyuma huzunguka na kuliua la mbele. Iendeshwe na amplifaya ya gari kwa betri ya volti 12, hata stima ikipotea tunaendelea. Kasha liwekwe mbele ya mchezaji likielekea watazamaji, lisiitazame besi, maana besi ni sikio kubwa la mbao na ikijisikia yenyewe ndiyo ule mvumo wa Kajiado. Yale matundu yake mawili yazibwe kwa nguo kuukuu.

Najua kuna watakaosema ninajisumbua na kinanda kipo. Kinanda sikichukii. Lakini kikikodiwa leo kinarudi kwa mwenyewe kesho, na mwakani tunachangishwa tena. Kwa wengine wetu shilingi 200 ni unga wa nyumbani. Na huyu dada anayeipiga besi, ambaye hufanya mazoezi saa ya chakula cha mchana kwa sababu sisi ni wa kutwa na hakuna makanga atakayekubali kitu kile ndani ya matatu jioni, ataambiwa nini? Kwamba vidole vyake vimepata sugu bure? Hakuna aliyemuuliza.

Ninaomba kamati ya chama ikubali tufanye jaribio uwanjani kabla ya pesa yoyote kukusanywa. Mzazi mwenye mabaki ya plaiwudi ampelekee mwalimu mlezi. Wufa najua ilipo. Iko kwa fundi mmoja karibu na steji, karatasi yake imechanika kidogo tu pembeni, na amesema atatuwekea mpaka mwisho wa muhula.