Kung'aa kwa Uso si Kujichubua

Ndugu Waislamu, miongoni mwa maswali tunayoletewa na akina mama baada ya darsa ni hili la seramu ya vitamini C, kile kichupa cha matone kinachosifiwa kuwa hung'arisha uso. Je, inafaa kukijaribu?

Sisi hatuoni kizuizi. Kuutunza mwili ni jambo jema, na vitamini hii si ngeni: ndiyo iliyomo katika machungwa na mapera. Ikipakwa kwa kiwango cha asilimia 10 hadi 20 hupunguza utengenezaji wa melanini, hata madoa yaliyoachwa na chunusi yakafifia. Lakini hufifisha doa tu. Haibadilishi rangi aliyozaliwa nayo mtu. Tena yataka subira ya miezi mitatu hivi, na uso ukiachwa juani bila kinga, kazi hupotea bure. Maji yake yakigeuka rangi ya kahawia, yamekwisha nguvu (muuzaji anayeanika chupa zake juani hapendi kuulizwa hili). Wala kusugua limau usoni si badala yake, kwani limau likikutana na jua huunguza ngozi.

Khofu yetu iko kwingine. Kichupa kilichoandikwa vitamini C kikimfanya mtu mweupe ndani ya wiki moja, hiyo si kazi ya vitamini C. Huenda ndani mna zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, vitu vilevile vya mkorogo. Zebaki hupenya ngozini ikadhuru figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mpaka wa zebaki katika vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuiondoa kabisa ifikapo 2025. Hata hivyo bidhaa hizo zingali zikiuzwa.

Nanyi wanaume wa safu za mbele, msidhani maneno haya hayawahusu. Ni nani asemaye barazani kwamba atafuta mchumba "mweupe"? Binti husikia, naye huenda dukani. Kisha mume yuleyule hulalamikia gharama za hospitali!

Basi chupa isiyo na orodha ya viambato wala jina la mtengenezaji, au iliyoandikwa "mercury" au "calomel", isinunuliwe. Na aliyekwisha kuitumia amwone daktari, aichukue na chupa yenyewe.